Unga wa Nondo

Leo nimefungua sanduku la nguo, nondo akanipuruka mkononi, unga wake ukabaki vidoleni. Ulikuwa unga uleule.

Nondo yule wa utotoni mwangu alitua ukutani asubuhi, mkubwa kama kiganja, wa kahawia, mbawa zake zina madoa mawili kama macho ya bundi. Niliogopa, nikampiga kwa ufagio akafa, nikamficha nyuma ya mtungi. Baba alikuwa ameshashuka duarani, shimo la wachimbaji, kuchimba dhahabu.

Bibi, mama yake baba, akaingia. "Mgeni wetu yuko wapi? Yule hafukuzwi mpaka aliye shimoni arudi."

"Ameruka, bibi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi mwanangu atarudi."

Kutwa nzima nilifuta vidole vyenye unga kwenye gauni, macho njiani.

Jioni baba alirudi, akaninyooshea mikono anibebe. Nilificha yangu mgongoni.