Kipengele cha Saba

Wifi yangu alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, yuko wodini anapumua, wakati watu sita bado wanabishana kama aruhusiwe kuingia.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika walichokuwa wakisema.

Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Mimi ni katibu muhtasi wa hospitali moja ya dini. Napiga chapa barua, napokea simu, naandika muhtasari wa vikao. Sheria ya nchi inamruhusu daktari kuitoa mimba maisha ya mama yakiwa hatarini. Lakini sisi tuna kamati ya maadili, na kanuni yetu inasema daktari asiguse kitu mpaka kamati ikae, ijadili na iridhie. Sheria ya nchi ni mstari mmoja. Kanuni yetu ni kurasa kumi na moja, nilizipiga chapa mwenyewe.

Siku hiyo, saa moja asubuhi, nikamkuta kaka yangu koridoni, shati limefungwa vifungo kombo.

"Chupa imevunjika tangu jana," akasema. "Na mimba ni ya miezi minne na nusu tu."

Daktari akanivuta pembeni. Mtoto hawezi kuishi, akaniambia, lakini moyo wake bado unapiga. Mama naye homa inapanda, maambukizi yameshaingia. Tukingoja mpaka jioni tutawazika wote wawili.

"Si umwingize sasa hivi?"

"Nikigusa bila kamati nafukuzwa, na kesi juu. Wenzangu wawili wameondoka hivyo hivyo. Bahati nzuri leo ni siku yao ya kikao, saa tatu."

Bahati nzuri! Kamati ile naijua. Iliwahi kujadili rangi ya mapazia vikao viwili, na mpaka leo madirisha yako wazi.

Nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Kisha nikaacha kulia, maana nilikumbuka tabia moja ya wajumbe wetu.

Hawasomi.

Kila kikao kinaanza kwa sala, halafu kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, anauliza, "Muhtasari una marekebisho?" Mmoja anajibu, "Hauna." Mwingine anaunga mkono. Mwenyekiti anatia sahihi, na kilichoandikwa kinakuwa ndicho kilichoamuliwa. Miaka tisa sijamwona mjumbe akifungua ukurasa wa pili.

Muhtasari wa mwezi uliopita ulikuwa na vipengele sita. Nikaongeza cha saba: "Kamati imeridhia kwamba chupa ikivunjika kabla ya wakati na maambukizi yakaonekana, daktari wa zamu aokoe maisha ya mama, na kamati itaarifiwa baadaye."

Ndiyo, nilighushi. Jina lake hilo, sitafuti jingine.

Nikatoa nakala sita, nikazipanga mezani. Mchungaji wa hospitali akafika wa kwanza kama kawaida yake, wengine wakaja wakivuta miguu. Saa tatu ikapiga. Mchungaji akasali. Aliwaombea wagonjwa, wauguzi, madereva na wote walio safarini, na mimi nimesimama pale nahesabu dakika.

"Muhtasari una marekebisho?" akauliza Mwenyekiti.

"Hauna. Nathibitisha kuwa ni sahihi," akasema Mchungaji, upesi kuliko siku zote.

Wakili wa hospitali akaunga mkono huku akiangalia simu. Mwenyekiti akatia sahihi. Nikaomba ruhusa nikatoe nakala ya ule muhtasari wenye sahihi, nikashuka ngazi mbilimbili.

Daktari akausoma, akaniangalia.

"Hii imepitishwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilialikwa. Nilikuwepo."

"Basi si unakumbuka, daktari."

Akakohoa. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kunawa mikono.

Niliporudi walikuwa wamefika kwenye ombi la daktari kuhusu wifi.

"Daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Amepata dharura," nikasema.

"Madaktari wa siku hizi hawana nidhamu ya vikao," akanung'unika Mwenyekiti.

Mjadala ukaanza. Wakili akataka tuelewane kwanza, "hatarini" ni hatari ya leo au hata ya kesho? Mama wa umoja wa wanawake akauliza kama mgonjwa ana ndoa. Mchungaji ndiye aliyesimama muda mrefu kuliko wote.

"Uhai ni wa Mungu!" akapiga meza. "Moyo unapiga, nani ametupa sisi mamlaka ya kuuzima?"

Sitamcheka kwa hilo. Moyo ule ulikuwa ukipiga kweli, na kaka yangu alikuwa ameshachagua jina. Swali lilinichoma hata mimi niliyeghushi. Nilichoshindwa kukisamehe ni kwamba kwa saa tatu nzima hakuna aliyeuliza mama anaendeleaje.

Saa sita na nusu wakapitisha kwa kauli moja: iandikwe barua makao makuu, majibu yasubiriwe siku kumi na nne. Nikaandika neno kwa neno. Chini yetu, wodini, wifi alikuwa ameshafumbua macho, na kaka ameketi kando ya kitanda, amempakata mtoto wao ndani ya kitambaa cheupe.

Mwezi haujaisha, makao makuu wakasikia kwamba upasuaji ulishafanyika, wakaleta mkaguzi. Nani aliruhusu?

Mwenyekiti akafungua muhtasari. Akakiona kipengele cha saba. Akaiona na sahihi yake chini. Mimi nimeshaandika barua ya kuacha kazi kichwani.

"Nakumbuka vizuri sana," akasema Mwenyekiti. "Tulikijadili kwa kina."

"Kwa kina mno," akadakia Wakili. "Mimi ndiye niliyependekeza neno 'itaarifiwa'."

Wallahi nilijiuma ulimi.

Mkaguzi akataka na nakala za wajumbe. Wajumbe huziacha mezani, mimi nazifunga kwa uzi na kuzitupa kabatini. Nikazifungua kwa mara ya kwanza. Tano zilikuwa safi, ukurasa wa pili haujawahi kuona mwanga.

Ya sita ilikuwa na penseli.

Kipengele cha saba kimepigiwa mstari. Kati ya "daktari wa zamu" na "aokoe", mtu ameongeza maneno mawili: "bila kuchelewa".

Juu ya nakala ile kulikuwa na jina la Mchungaji.

Alikuwa amesoma. Alijua ni uongo, akauthibitisha, halafu akasimama kuupinga upasuaji mpaka adhuhuri. Labda alikuwa akituchelewesha makusudi, mtu asishuke chini kuangalia. Labda alikuwa akiyaamini yote mawili. Nikampelekea mkaguzi nakala tano, nikasema ya sita ilimwagikiwa chai.

Kisha nikamfuata Mchungaji kwake.

"Uliisoma," nikamwambia.

"Binti yangu, mengine mchungaji hawezi kuyasema akiwa amesimama mbele za watu."

Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau kuaga. Maana kila Jumapili anahubiri juu ya mikono yenye damu, na wifi yangu, safu ya tano, anaangalia sakafu. Ameacha kushiriki meza ya Bwana. Anajiita muuaji, mtu ambaye hata kutia sahihi fomu ya upasuaji hakuweza siku ile kwa homa.

Nikaenda nyumbani kwake na ile nakala. Nikamwonyesha ukurasa wa pili. Akapitisha kidole juu ya ule mwandiko, anaujua, ndio ulioandika cheti chake cha ndoa.

Alilia kwanza. Halafu akaniuliza:

"Kumbe anajua. Sasa kwa nini ananiacha nilie peke yangu?"



Ndugu zangu, wewe unayemhurumia mtu kwa siri na kumlaani hadharani, jua kwamba yeye anaisikia laana tu.