Mahindi Pale Alipoangukia Mwikwabe

Tembo alimuua Mwikwabe jioni, jua halijazama bado, ndani ya shamba lake mwenyewe huko Machochwe. Mwikwabe alikuwa akipiga debe kuwafukuza tembo, kama wanavyofanya wote wanaolima karibu na hifadhi mahindi yakikaribia kukomaa. Jike mmoja mwenye mtoto hakukimbia. Mkewe, Scholastica, alikuwa upande wa pili wa shamba, akaona kila kitu.

Msibani watu walimfariji kwa maneno waliyokuwa nayo. Wa kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu. Wa ukoo walinong'ona kwamba tembo yule alitumwa na mtu. Scholastica hakuyameza, si haya wala yale.

Waombolezaji walipotawanyika, alimpigia simu Mama Kokila wa Musoma. Kabla ya kuolewa alimpikia miaka mingi mama huyo wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, na alikuwa naye alipofiwa na mwanawe wa pekee. Matanga yao yalipokwisha, Mama Kokila alifungua duka huku machozi yakimtoka. Wakati ule Scholastica alimwona mgumu wa moyo. Sasa alitaka kujua aliwezaje.

"Sikuweza," Mama Kokila alimjibu. "Nilikuwa nalia mbele ya wateja. Lakini sisi tunaamini kwamba aliyekuwa akiangalia kupitia macho ya mwanangu hakuzaliwa pamoja na macho yale, wala hakuungua nayo tulipouchoma mwili wake. Na kazi iliyo mbele yangu ni yangu. Itakavyotoka, hiyo si yangu. Nikishaiachilia hiyo, mikono inakuwa myepesi kidogo."

Walizungumza tena mara nyingi. Habari za roho kurudi katika mwili mwingine zilimshinda Scholastica, akaziweka kando. Yale mengine aliyashika.

Machage, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaamua shamba lile lisilimwe tena. Limekunywa damu, alisema. Mjane atapewa kipande karibu na boma la Machage, awe chini ya macho yake. Mvua zilipoanza, Scholastica akafunga ng'ombe kwenye plau na kuanza kulima pale pale alipoangukia mumewe. Machage akaja, akashika pembe ya ng'ombe wa mbele.

"Nasikia umefuata mambo ya Wahindi," alisema. "Watu wanaosujudia mungu mwenye kichwa cha tembo. Na tembo ndiye aliyemuua ndugu yangu. Huna aibu, shemeji?"

Scholastica hakutoa mikono kwenye plau.

"Jumapili utaniona kanisani, benchi lilelile. Sisujudii tembo. Yule namchukia, na nikimwota namrushia mkuki. Ameshachukua mume wangu, sitampa na shamba. Kilichomwagika hapa ni damu, shemeji. Mwikwabe mwenyewe hakukanyagika. Achia ng'ombe."

Machage hakuachia mpaka ng'ombe walipoanza kuvuta. Akaenda kwa wazee kusema mjane amechanganyikiwa. Wazee wakamjibu kwamba shamba ni la watoto wa marehemu, na mama yao akitaka kulilima hakuna wa kumzuia.

Scholastica alipanda huku akilia, wala hakujificha. Alizungushia shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Hata hivyo tembo walipenya upande wa korongoni, wakala karibu nusu ya mahindi. Majirani walikwenda kumpa pole wakidhani watamkuta amekaa chini. Walimkuta anang'oa mabua yaliyovunjika awape ng'ombe, na kwenye mapengo ameshaanza kufukia mbegu za mtama. Mmoja aliuliza kwa nini apande kitakacholiwa.

"Kama watakula, watakula," alisema. "Kupanda ndiko kwangu."

Huzuni haijamtoka. Kuna siku anapika ugali wa watu wengi kuliko waliopo, anakaa nao mbele yake bila kuugusa. Lakini alivuna kilichobaki, na msimu huu amelima tena. Machage humsalimia mbele za watu tu. Wakikutana wawili njiani, anapita kimya. Scholastica anasema salamu ni za Machage, azitoe au azinyime. Yeye ana palizi.