Kesi ya Mbuzi Iliyokuwa Imekwisha

Mwaka wangu wa pili chuo kikuu nilifundishwa kwamba wizi utakwisha. Mwalimu wetu wa somo la uhalifu, ambalo mwenyewe alipenda kuliita kriminolojia huku akilitafuna neno taratibu, alituambia kwamba mwizi ni mtoto wa ubepari, na kwamba ujamaa ukishakomaa, magereza yote yatageuzwa maghala ya mahindi. Tukaandika. Mlango wa ofisi yake ulikuwa na kufuli mbili, na baiskeli yake alilala nayo chumbani, lakini hayo hayakutoka kwenye mtihani.

Mimi nilitoka Uru, kwa wakulima wa kahawa na migomba, na darasani wasichana tulikuwa wachache kiasi kwamba tukikohoa tunajulikana. Nilikwenda kusoma sheria za jinai kwa kuamini kwamba huko kuna kitu kikubwa ambacho wazee wetu hawakukijua. Nilichokikuta ni wanaume waliosoma Ulaya wakigombana juu ya asili ya mwizi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi na mwizi akanywa naye.

Siku moja kwenye semina mwenzetu wa Masama, kijana mwenye mdomo mwepesi, alieleza habari za isale. Kwetu mlimani isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani, hulifunga fundo, hulipeleka kwa yule aliyemkosea, kisha mbele ya watu hulitaja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe, lote, bila kuficha. Akishafanya hivyo, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Akisamehe, jambo limekufa, na atakayelifufua ndiye mwenye laana.

Mwalimu macho yalimtoka. Alisema hiyo ndiyo haki ya kijamaa kabla ya ujamaa, na kwamba lazima akaione kwa macho yake. Likizo ilipofika, Landrova ya chuo ikawa inapanda Uru, yeye mbele amepakata kinasa sauti, sisi wanafunzi wanne nyuma tukila vumbi. Alichagua kijiji chetu kwa sababu nzito za kitaaluma: nyumba ya baba ilikuwa na sakafu ya saruji.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu aliyependa wageni wenye magari, hakutaka kuaibika. "Ndugu Profesa, mna bahati," alisema. "Tuna kesi moja nzuri sana, imekwisha majuzi tu."

Kesi yenyewe ilikuwa ya kwetu. Baba alikuwa na mbuzi wa kunenepesha, ndafu, aliyekuwa akilishwa ndani kwa ajili ya Krismasi. Jirani yetu, ambaye tangu utoto namwita baba mdogo ingawa si wa ukoo wetu, alimwiba akashuka naye sokoni Kiboriloni, akamuuza, akanywa nusu ya bei na nusu akampa mkewe. Kiu ilipomwisha, aibu ikamshika. Akaja na isale, akasema kila kitu, akaleta mbuzi jike na mtoto wake, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha watu wote waliosikia. Baba akapokea. Siku ya tatu walikuwa wakikata majani ya ng'ombe pamoja kama kawaida. Mimi hadi leo sijaona mahakama iliyofanya kazi safi namna ile.

Mwalimu akataka waifanye tena. Yaani jirani achukue jani, aje uani, aseme upya, na mashine ikiwa inazunguka. Baba alikataa. "Hili limelala," alisema, "na halikulala ili liamshwe." Mwenyekiti akamkumbusha kwamba wageni ni wa serikali. Lakini aliyemlainisha baba ni jirani mwenyewe. Maskini, hakuna aliyewahi kutoka mbali kuja kumsikiliza. "Meku, mzee wangu, ni maigizo tu," alimwambia baba. "Wageni wamepanda mlima wote huu." Baba akakubali, shingo upande.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakumjua msomi, ambaye atayatafuta, ayatie maji, kisha aulize harufu inatoka wapi.

Siku ya maigizo watu walijaa uani, na kwenye kiti cha mbele alikaa ofisa wa polisi kutoka mjini, na sare yake na kifimbo chake. Mwalimu ndiye aliyemwalika, kwa heshima tu, kwa kuwa alimsaidia kupata kibali cha utafiti. Nilimfuata mwalimu pembeni nikamuuliza ofisa yule anafanya nini pale. Alinitazama kwa huruma, kama mwanafunzi aliyesahau somo. "Ungamo mbele ya polisi si ushahidi mahakamani," alisema. "Nimewafundisha muhula uliopita. Au hukuwapo?"

Nilikuwapo. Nikarudi kukaa.

Jirani alivaa koti lake la kanisani. Alishika jani kwa mikono miwili, akaanza, na kwa kweli alijua kusimulia. Alieleza alivyosubiri baba aende kwenye mkutano wa kijiji, alivyomfunga mbuzi mdomo kwa kamba ya mgomba, alivyomficha chini ya mzigo wa majani mgongoni akapita nao mbele ya mama yangu na kumwamkia. Watu walicheka hadi mama naye akacheka. Mwalimu alimsimamisha. "Hapo pa kamba ya mgomba, ndugu, rudia. Njoo karibu na mashine." Akaja karibu, akarudia, akaongeza na sauti ya mbuzi.

Ofisa alikuwa na kata ya mbege mkononi. Aliuliza swali moja tu, bila kupandisha sauti. "Na huyo mbuzi alikuwa wa nani?" Jirani, akiwa bado anatabasamu, alimwonyesha baba.

Ofisa aliimaliza mbege yake, akashukuru, akaiweka kata chini. "Mzee," alimwambia jirani, "mimi na wewe tutashuka pamoja." Sikumchukia ofisa yule, na simchukii hata sasa. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyeelewa alichokuwa anakisikia. Mwalimu alisimama akaanza kumweleza tofauti ya sheria ya dola na maadili ya umma. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho, akafungua mlango wa gari lake, akampandisha jirani yetu na koti lake la kanisani.

Siku ya kesi baba aliitwa kama mlalamikaji. "Mimi sijaibiwa," alisema kizimbani. Hakimu akamuuliza kama aliwahi kupotelewa na mbuzi. "Nilipotelewa, nikapata wawili." Watu wakacheka, hakimu akakaripia, baba akatakiwa kukaa. Kesi ilikuwa inakufa pale pale, na ingekufa, kama si shahidi wa pili.

Shahidi wa pili alikuwa mwalimu wetu. Ungamo mbele ya polisi halikuwa ushahidi, sawa, alikuwa amefundisha vizuri. Alichosahau bingwa yule ni kwamba yeye si polisi. Jirani alikuwa ameungama kwake, raia, tena kwa kuombwa arudie. Angeweza kusema yale yalikuwa maigizo. Angeweza kusema mashine iliharibika, maana nchi nzima wakati ule vitu viliharibika na hakuna aliyeshangaa. Lakini mtu alikuwa amejivunia utafiti wake. Wakili wa serikali alipomuuliza kama kauli ile ni ya kuaminika, alinyoosha suti yake. "Ilitolewa kwa hiari kabisa," alisema, "na nimeinasa kwa ubora wa hali ya juu."

Ikachezwa mahakamani. Tukasikia kicheko cha kijiji kizima, tukamsikia mama yangu, tukasikia na ile sauti ya mbuzi. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa. Sheria ya wizi wa mifugo haikutofautisha mbuzi mmoja wa Krismasi na kundi zima la ng'ombe, na kifungo chake cha chini kilikuwa kimewekwa tayari, hakimu hana ruhusa ya kukigusa. Alikisoma akiangalia karatasi. Baba aliondoka hajamsalimu mtu.

Chuoni maisha yakaendelea. Mwalimu alitufundishia kesi ile wiki mbili nzima, kwa jina la mgongano wa mifumo miwili ya haki, na katika maelezo yake yote mifumo iligongana yenyewe, hapakuwa na dereva. Kwenye mtihani akatoa swali: jadili kwa nini jamii ya wakulima ilishindwa kumlinda mwanajamii wake. Nilijibu kwamba ilishindwa kwa sababu ilimkaribisha mtunga swali na kumpa kitanda. Nilipata C. Sikukata rufaa.

Nyumbani baba aligeuka mtu wa mashamba mawili. Alipogoa kahawa yake, kisha akavuka mpaka akapogoa ya jirani. Alikata majani ya ng'ombe wa kule kabla ya yale ya kwetu. Mke wa jirani alikuwa akimwachia mtori jikoni na kujifungia ndani, hakutaka kusema naye. Mama alimwambia baba kwamba si yeye aliyemfunga mtu. "Lilikuwa limelala mikononi mwangu," baba alisema. "Mimi ndiye niliyeruhusu liamshwe." Wala hakutaka tuliongelee tena.

Jirani alirudi nikiwa likizo ya mwaka wa mwisho, kwa msamaha wa wafungwa uliotangazwa redioni siku ya sikukuu ya taifa. Serikali nayo hujua kusamehe, ila yenyewe haihitaji mkosaji aseme lolote. Asubuhi yake baba alikwenda mpakani, akakata jani, akalifunga fundo. Akanitaka nifuatane naye nibebe mbege. Nilifurahi. Nilikuwa nimeisoma haki miaka mitatu, na leo nitaiona ikifanyika mahali inapofanyika kweli.

Tulimkuta jirani amekaa uani kwake, amekonda, nywele zimenyolewa. Nikatua mzigo, nikamwamkia. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alisema, akanitazama. Kisha akaliona jani mkononi mwa baba, akasimama, kama adabu inavyotaka. Lakini mkono hakunyoosha. "Meku, nitakusikiliza," alisema. "Sina pa kukataa. Ila kwanza huyu msomi wako atoke."

Nilimtazama baba. Nilingoja aseme kwamba mimi si msomi wa mtu, mimi ni mwanawe, nimezaliwa ng'ambo ya huo mpaka na mke wa mwenye nyumba hii ndiye aliyenipokea. Nilikuwa na hasira hata nikahisi machozi, nami si mtu wa machozi.

"Nenda ukasubiri barabarani," baba alisema.

Nilipita katikati ya kahawa aliyoipogoa, nikasimama barabarani kama mgeni asiyejua nyumba anayoitafuta. Nilisikia sauti ya baba ikianza, ndogo sana, kisha upepo wa migomba ukaifunika. Alitoka baadaye mikono mitupu, macho mekundu, tukarudi nyumbani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadi tunamzika hakuwahi kuniambia alisema nini.