Majembe Yaliyookoa Cherehani

Ushonaji sikufundishwa na mtu. Nilinunua koti kuukuu mnadani, nikalifumua, nikalishona tena, nikalifumua tena, mpaka nikajua bega la koti linakaaje. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe. Miaka miwili baadaye kufumua huko huko kulikaribia kuninyang'anya cherehani.

Cherehani hiyo nilikuwa nimeikopa kwa mwenye duka wa senta yetu, kando ya barabara iendayo Ushirombo. Alikuwa mzee, mkulima wa pamba, na wakubwa kwa wadogo tulimwita Baba. Tulipatana nimlipe kidogo kidogo kila mwezi. Miezi mitatu nililipa. Kisha wazazi wakaniletea kazi ya kaptula za shule, za kaki, na mimi nikakaa na kaptula moja siku tisa. Mshono ukipinda kwa upana wa unywele, nafumua. Wazazi wakachoka, wakachukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Sokoni walisema fedha nazimalizia kwenye pombe. Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa na la kutubu. Fedha hazikuwepo kwa sababu sikuthubutu kumkabidhi mtu nguo yenye kosa.

Badala ya kumwendea Baba, nikawa namwandikia barua. Kila barua niliinakili mara nne au tano hadi isiwe na doa. Mama ndiye aliyezipeleka, maana mimi nikiiona kofia ya Baba kwa mbali nilijificha nyuma ya ghala la mtama. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilijificha. Siku moja, ilikuwa Jumatano, mama akarudi na jibu la mdomo: Jumatatu Baba anafungua kesi Mahakama ya Mwanzo, na cherehani itachukuliwa.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anapima sukari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kumbe una miguu. Nilidhani ni mkono tu unaoandika."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja sukari yao wakacheka. Nikatoa karatasi niliyoandika maneno ya kumwomba, nikaanza kusoma. Akanyanyua kiganja.

"Barua zako zote ninazo," akasema. "Karatasi nzuri, ningefungia sukari. Nikasema hapana, kijana amehangaika. Sasa sikiliza. Pamba yangu kule bondeni imemezwa na magugu, na vibarua wote wamekimbilia machimboni. Shamba lote lipaliliwe kabla ya Jumapili, nakufutia nusu ya deni lililobaki. Nusu nyingine utalipa baada ya mavuno, na mahakamani siendi."

"Na palizi isipokwisha, Baba?"

"Basi Jumatatu nitavaa viatu."

Lilikuwa shamba la ekari nne. Alhamisi nilianza peke yangu, na nililima kama nilivyoshona. Kila gugu nililing'oa na mzizi wake, nikalikung'uta udongo, nikalilaza likielekea upande mmoja na wenzake. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimemaliza matuta matatu. Nikayahesabu yaliyobaki, nikaacha nilipofika mia.

Mama mmoja akitoka kisimani alisimama kuniangalia. "Fundi, unapalilia au unasuka nywele?"

Mama yangu naye alipita, akaona. Alikwenda moja kwa moja kwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kulima. Kwetu vijana hulima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyefika hudaiwa. Mimi nilikuwa sijafika misimu miwili. Nilisema vidole vya fundi havifai kushika jembe. Ukweli ni kwamba ukiwa kwenye mstari kila mtu anaona unavyolima, na niliogopa kuachwa nyuma mbele ya macho ya watu.

Jioni kiongozi akaja. Alikuwa rika langu, mpana, na jino moja limevunjika. Alikaa kwenye kigoda changu, akalizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole.

"Mama yako amekuja kwetu. Unajua kwamba hata sisi tunakudai?"

"Najua."

"Tungekushtaki, basi tu hatujui kuandika barua kama zako." Akazungusha tena. "Baada ya mavuno tunacheza ngoma na vijana wa ng'ambo ya mto. Tunataka kaptula thelathini na nane za amerikani, zenye utepe mwekundu pembeni. Kitambaa chetu, mkono wako."

"Thelathini na nane?"

"Na hufumui hata moja. Nikisikia umefumua, tunayarudisha magugu shambani kwa Baba."

"Na mshono ukipinda?"

"Upinde. Kwani kwetu kuna nani aliyenyooka?"

Nilikubali nikitazama sakafu. Nadhani kupalilia ekari nne kwa meno kungekuwa rahisi zaidi.

Ijumaa walikuwa na shamba la mjane mmoja. Jumamosi niliwasikia kabla ya kuwaona. Kwanza ngoma, kisha sauti, kisha wakatokeza kwenye ukungu wa bondeni, majembe mabegani. Walijipanga ukingoni mwa shamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngoma ikapigwa mara moja, majembe yote yakapanda, yakatulia juu kidogo, yakashuka pamoja. Niliisikia ardhi kwenye nyayo zangu. Mimi niliyeshindwa kulinganisha mikono miwili ya shati moja, niliona mikono sabini na sita ikilingana. Aliyekuwa mbele alirusha jembe lake hewani, likazunguka, akalidaka bila kukatisha wimbo.

Wimbo wenyewe ulinihusu. Waliutunga palepale, kwa Kisukuma: fundi wetu ana kaptula moja, na mwenye kaptula ameshakua.

Waliniweka katikati. Niliachwa nyuma mara tatu. Kila mara wa kushoto na wa kulia walinyoosha majembe, wakapiga sehemu yangu bila kunitazama, mstari usikatike. Miaka miwili nilikuwa nimelikimbia jambo hilo, na lilipotokea hakuna aliyeligundua isipokuwa mimi.

Mama alipoleta michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na karanga, shamba lilikuwa wazi hadi mtoni. Pamba ilionekana imesimama kana kwamba imepandwa asubuhi ile. Sijaona kitu kikubwa kuliko kile, na nimeuona mgodi. Hata hivyo macho yangu ni yale yale: huku na kule niliona magugu yaliyosazwa. Nikachukua jembe nirudi. Kiongozi akalikanyaga.

"Acha. Pamba haijui kusoma."

Baba alipokuja alitembea shamba zima, mikono nyuma. Sikuweza kujizuia.

"Baba, tuta lile la mwisho lina magugu bado."

Kiongozi alinitazama kama niliyempiga kofi.

"Nimeliona tangu nikiwa barabarani," Baba akasema. "Nina macho." Aliendelea kutazama bonde. Baadaye akasema taratibu, kama anayejisemea, "Marehemu baba alikuwa akilima hivi. Nilidhani imekwisha."

Alitoa mfukoni barua yangu mojawapo, akaigeuza upande mtupu, akaniomba kalamu. Aliniinamisha, akaiweka mgongoni mwangu, akaandika kwamba nusu ya deni imefutwa, iliyobaki ni ya baada ya mavuno, kesi hakuna.

"Wabeja, Baba," nikamshukuru nikiwa bado nimeinama.

Mwandiko wake ulishuka kama mtu anayeteremka mlima, na wino uliacha doa pale nilipopumua. Sikuunakili.

Nusu ya pili nililipa pamba ilipouzwa. Kabla ya hapo nilishona kaptula za ngoma. Kaptula ya kumi na moja mshono wake ulipinda wazi, kuanzia kiunoni hadi pindoni. Nilichukua wembe. Karatasi ya Baba ilikuwa kwenye mtoto wa meza ya cherehani, nikavuta nikaisoma, mistari yake yote. Kisha nikauweka wembe juu yake, nikasukuma mtoto wa meza hadi mwisho, nikachukua kitambaa cha ya kumi na mbili.