Mbeba Viraka wa Wawi na Micheweni

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha kompyuta cha Wawi nilivaa koti la harusi, na joto la siku ile lilitosha kuchemshia muhogo. Mkuu wa Kituo, mtu ambaye akisimama mlangoni chumba huwa giza, alinitazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Faki, umesomea wapi?"

"Masomo ya usiku, Mkuu. Kwa taa ya chemli."

"Basi mchana utaona vizuri zaidi," akasema, akanikabidhi bisibisi.

Nyinyi mnaokuta kila kitu kwenye simu, nieleweni: mashine zetu zilikuwa kuukuu, nyingine nahisi zilinizidi umri. Tulizitilia programu ambazo maandishi yake ya ndani, yaani chanzo, yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumgaia jirani. Kazi yetu ilikuwa kuzifasiri kwa Kiswahili. Mfasiri Mkuu alikuwa Bi Saada wa Micheweni, aliyefasiri haraka kuliko ninavyokula, na mimi nikila sahani hupiga kelele.

Ugomvi ulizuka tulipofika ukurasa wa mwanzo. Programu hizi tuziite nini?

"Programu huru," akasema Bi Saada.

"Huru!" Mkuu akaruka. "Bibi wee, nikienda kwa wakubwa kuomba chumba cha pili nikatamka huru, wataniuliza mwenyekiti wa chama chenu nani. Andika chanzo wazi. Neno la kazi, halimtishi mtu."

"Kisima wazi nacho hakimtishi mtu. Ukichungulia ukakatazwa kuteka, umepata nini? Mimi nafasiri ruhusa ya kuteka, Mkuu. Kuchungulia kafasiri wewe."

Ofisi ikagawanyika, hata waliokunywa chai ya birika moja wakaweka mawili. Halikufasiriwa neno. Mimi kukaa sikuweza. Nilikwenda na kurudi ukumbini mpaka wallahi saruji ikalika.

Sasa, kazi hii ina ada yake: asiyekubaliana na wenziwe ana haki ya kuchukua nakala nzima akaiendeleza kivyake, na hakuna wa kumwita mwizi. Bi Saada akaitumia haki hiyo. Akaaga kwa adabu, akafungua darasa kwao Micheweni kwa wakulima wa mwani. Mkuu akabaki na nakala yake. Kazi moja ikawa inafanywa mara mbili.

Kisha programu ya kuandikia ikaanza kumeza ukurasa wa mwisho mtu anapochapisha. Bi Saada akaitengenezea kiraka, yaani maandishi machache ya kuziba kasoro. Wanafunzi wetu wa Wawi waliendelea kumezewa kurasa. Ghala la Bi Saada mtandaoni, alimoweka kazi yake watu wajichukulie, halikuwa na kufuli, lakini Mkuu aliapa hafungui ghala lenye neno lile mlangoni.

Nikaenda Micheweni kukichukua mwenyewe.

"Nani kakutuma?" akauliza Bi Saada.

"Miguu yangu."

"Haya, chukua. Na umwambie yule bwana..."

"Maneno sibebi, Bi Saada. Nabeba viraka."

Tangu hapo nikawa njia yao. Kila upande ukipokea kiraka, kwanza ulifuta neno la wenzake, huru au wazi, ukaandika lake, ndipo ukakitia. Mkaguzi mmoja aliniuliza cheo changu. Nikamwambia, "Punda wa ufundi."

Nilipostaafu, baada ya miaka mingi ya safari hizo, usingizi ulinikimbia. Mkuu alikwishastaafu zamani, ila kituo hakukiacha, na wale wawili walikuwa hawajasemezana bado. Mimi nikikaa, nakala moja itakufa, na darasa lake litakwama. Bi Saada akapiga simu.

"Faki, njoo, kuna kiraka."

"Nimestaafu, dada. Kipeleke mwenyewe."

"Kwa mtu yule?"

"Kwa wanafunzi wake."

Akaja. Mkuu akasimama mlangoni, chumba kikawa giza.

"Karibu kwenye chanzo wazi."

"Nimekuja na programu huru. Nipishe nipate mwanga."

Akampisha.

Kupumzika bado sijakujua. Kiti nakikalia, nainuka, najikuta nje ya dirisha la kituo. Bi Saada huja kila mwezi, na kelele zao hufika msikitini. Majirani hunisihi niingie niwapatanishe. Nawaambia waacheni. Siku nitakayopita pale nikakuta kimya, nitalivaa lile koti la harusi nirudi kazini.