Kaka Alipoitwa

Mafuta ya karafuu siyapendi. Leo Mama amefungua chupa amkande kaka goti, na kwa harufu yake mimi niko tena mtoto kwenye uwanja wa besiboli, mjini Malvern, ughaibuni, nyasi mbichi zikininata miguuni.

Watu wa timu ya wachezaji wa kulipwa walikuja kumtazama kaka, maana hapakuwa na wa kumshika kwa mbio. Mpira ukapigwa juu, akaukimbilia hadi mwisho wa uwanja, kofia ikamdondoka. Mama, kando ya uwanja, akauona uzio wa chuma mbele ya kaka.

"Mwanangu!"

Kwetu, mama akikuita humwitikii ukiwa umempa mgongo. Kaka akageuka huku bado anakimbia.

"Naam, Mama!"

Akauvaa uzio, goti likavunjika.

Tangu siku hiyo Mama hajamwita. Chakula kikiiva hupanda ngazi taratibu hadi chumbani kwake, akamgusa bega.