Nilivyomsindikiza Papa Mugisho hadi kwenye ngome iliyobomoka Uingereza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine poleni na majukumu.

Hii story nimekaa nayo miaka mingi. Sijaitia chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, na pale nilipokwishasahau nitasema nimesahau.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma Brussels. Nilipanga chumba Saint-Gilles, kwenye zile nyumba ndefu za zamani walizozigawa vyumba vyumba, karibu na stesheni ya Midi.

Chini yangu aliishi mzee mmoja Mkongo wa Bukavu, tumwite Papa Mugisho. Kwao alikuwa mwalimu. Pale Brussels alifanya usafi wa ofisi alfajiri, na mchana alishinda kwenye saluni ya dada yake, pale kwenye maduka ya Wakongo ya Galerie d'Ixelles, akisoma magazeti.

Mimi wa Tanga, yeye wa Kivu, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa kinapigana vikumbo. Lakini akipika fufu, ule ugali wao wa muhogo, ananigongea dari kwa mpini wa fagio, nami nashuka. Ndivyo tulivyozoeana.

Ilikuwa kama mwaka mmoja baada ya vita kuingia Bukavu. Pale Galerie kila mtu alikuwa anauliza habari za watu wake.

Siku moja akapanda ngazi mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Weye unajua kingereza. Utanisindikiza Angleterre, kwa mutoto wangu Nsimire."

Nikafurahi sana. Sikuwahi kujua kwamba ana binti. Akanionyesha kadi za posta alizotumiwa, zote zina picha ileile: ngome ya mawe juu ya kilima, na chini yake mji mdogo.

Nikamwambia, "Papa, sasa si umpigie simu umwambie tunakuja?"

"Hapana. Asijue."

Nikadhani ni surprise. Nikaomba visa. Yeye alishakuwa na pasipoti ya Ubelgiji.

Siku ya safari akatoka amevaa suti nyeusi, tai nyeusi, kofia, viatu vimepigwa kiwi. Mtu unaenda kumwona binti yako, unavaa kama unaenda mahakamani?

Tukapanda treni inayopita chini ya bahari. Kule mpakani afisa akauliza tunaenda kufanya nini. Nikataka kujibu kwamba mzee anaenda kumwona mwanawe, Papa akanishika mkono.

"Umwambie tunaenda kuangalia château."

Aisee. Nikasema hivyohivyo, kwamba tunaenda kutazama ngome. Afisa akacheka, akagonga mhuri.

Toka London tukapanda treni nyingine, kisha basi, tukafika ule mji kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa siku ya soko.

Wakuu, mimi nilizoea Uingereza ya kwenye picha. Pale nikakuta uwanja wa mawe, nyumba za mbao zimeinama kama zinasikilizana, na katikati meza za kuuzia jibini, mayai, miche ya maua. Nikakuta na mitumba! Wazungu wanapekua mitumba wao kwa wao, wanapatana bei. Nikasimama nikashangaa kama dakika tano.

Nikamwuliza mama mmoja muuza mayai ile address iliyoandikwa kwenye kadi. Akanyoosha kidole: mtaa wa pili, mlango mwekundu. Akaongeza, "Ah, yule nesi mwanafunzi! Anaishi kwa bibi wa pale."

Tukafika kwenye kona. Mlango mwekundu ule pale, tunauona.

Papa akasimama.

"Bon. Tupande kwanza ku château."

"Papa, mtoto yuko hapo!"

"Tupande kwanza."

Tukapanda kilima. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika.

Juu kule kulikuwa na kibanda, ndani yake mama wa makamo anauza tiketi. Tukaingia. Wakuu, hakuna paa. Hakuna milango. Kuta zimesimama nusunusu, nyasi katikati, ndege wamejaa kwenye madirisha.

Papa akazunguka taratibu, anagusa mawe. Akasimama mbele ya ukuta mmoja uliopasuka toka juu mpaka chini.

"Vita ya hapa ilikuwa ya lini?"

Nikamwuliza yule mama wa tiketi. Akasema ni karne nyingi zilizopita, Waingereza walipigana wenyewe kwa wenyewe, na walioshinda wakaibomoa makusudi ili isitumike tena.

Nikatafsiri. Papa akatikisa kichwa.

"Benyewe kwa benyewe. Na sasa banalipisha watu juu ya kuangalia?"

Hilo sikulitafsiri.

Akasema, "Umuulize tena. Nyumba ilipobomoka, wenye nyumba balilala wapi usiku ule?"

Nikamwuliza. Akasema watu wanamwuliza habari za mfalme, za mizimu, za choo kiko wapi, lakini hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Akafikiri, akasema labda walikwenda kwa jamaa zao.

Papa aliposikia hivyo akakaa kwenye jiwe, na pale jiweni tulimaliza saa mbili nzima.

Mwishowe uzalendo ukanishinda. "Papa, samahani, mimi sikuelewi. Umesafiri toka Brussels, mwanao yuko hapo chini, wewe umekaa unatazama mawe. Unamwogopa mwanao?"

Akanitazama. "Ndiyo," akasema. "Namuogopa."

Akainuka, akajipangusa suruali, tukashuka. Mimi kichwani ni ukungu mtupu.

Tukabisha ule mlango mwekundu. Akafungua msichana mrefu, mikono ina unga, alikuwa anapika kitu. Akapiga kelele ya furaha:

"Tonton Mugisho!"

Tonton? Hiyo kwao ni mjomba au baba mdogo. Nikajiuliza, mbona hasemi papa?

Akamrukia shingoni. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Akaiangalia ile suti. Akaiangalia tai. Nikaiona furaha inamtoka usoni polepole.

"Ni maman, ao ni papa?"

Mzee akavua kofia.

"Ni bote, mutoto wangu. Bote bawili."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba niliyekuwa namsindikiza ni mbeba habari za msiba. Nsimire hakuwa binti yake wa kumzaa. Alikuwa binti wa rafiki yake, mwalimu mwenzake, ambaye alimtuma kusoma unesi Uingereza kabla ya vita. Kila mwezi Nsimire alimwandikia tonton wake Brussels: umesikia habari za nyumbani?

Msichana hakulia kwanza. Aliuliza, "Tangu lini unajua?"

"Tangu Pasaka. Padri mumoja alifika toka Bukavu, aliona kwa macho."

Ilikuwa mwezi wa nane.

"Uliniandikia hakuna habari. Mara nne, tonton. Mara nne!"

Akaanza kumpiga kifuani kwa zile ngumi zenye unga, suti nyeusi ikawa nyeupe. Mzee hakujikinga. Akasimama tu anapigwa, machozi yanamtiririka, mpaka msichana mikono ikalegea, akamwangukia, ndipo kilio chenyewe kikatoka.

Bibi mwenye nyumba akaja mbio na mkongojo wake. Ikabidi mimi ndiye nimweleze. Wakuu, Kiingereza changu chote kilipotea. Nikasema tu, "Mother, father, finished." Mpaka leo nikikumbuka hilo neno naona aibu. Lakini bibi alielewa. Akakaa sakafuni palepale, kwa umri ule, akamshika Nsimire miguu.

Jioni majirani wakaanza kuja. Sijui nani alipeleka habari. Mama wa mayai akaja na trei nzima ya mayai. Mwingine akaja na keki. Anaingia, anakaa dakika tano kimya, anasema sorry, anaondoka. Mimi nilizoea msiba wa kwetu, watu wanalala kwenye mikeka siku tatu. Sikujua nichukie au nishukuru. Papa akaniambia, "Acha. Bamekuja. Inatosha."

Tulikaa siku mbili. Siku ya kuondoka Nsimire alitusindikiza mpaka kituo cha basi, lakini hakumpa mzee mkono wa kwaheri. Mwezi uliofuata akaja mwenyewe Brussels, tukaweka matanga pale Saint-Gilles, nyumba ikajaa mpaka ngazini. Usiku wa mwisho nikamwona anampakulia tonton wake chakula. Hawakuwa wanaongea. Alimpakulia tu, akakaa karibu naye.

Leo Nsimire ni nesi mkubwa, ana familia. Wanawe walimwita mzee koko, yaani babu, mpaka alipofariki, na aliyemwosha na kumvalisha ni Nsimire.

Nilichojifunza: mtu akichelewachelewa mlangoni, usiharakishe kumwona mjinga. Huenda alichobeba hukioni.

Lakini kuna jambo linanichanganya mpaka sasa. Siku moja nilimwuliza mzee kwa nini hakusema ukweli tangu Pasaka. Akanijibu, "Alikuwa na mitihani. Na alikuwa peke yake. Nani angemushika?" Nsimire naye aliwahi kuniambia, "Ile miezi minne nilikuwa nawaombea uzima watu waliokufa. Hiyo siwezi kuisahau."

Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki.

Wakuu, ninyi mngekuwa Papa Mugisho mngefanyaje? Na mngekuwa Nsimire, mngetaka kuambiwa siku ileile kwa simu, au mtu aje? Semeni kwa uhuru, hata mkinipinga nasoma.